Niliwadanganya Kuhusu Tope la Bahari

Wasee, leo hakuna video. Nimeamua kuandika, juu kuna vitu ukivisema kwa sekunde 58 vinageuka uongo, na mimi nishafanya hivyo.

Mwezi wa tano mwaka jana niliweka ile video iliyosambaa kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Wengi wenu mlinijua kupitia hiyo. Nimesimama kando ya Mto Athi, maji yana rangi ya chai ya maziwa, nasema hivi: udongo wa Machakos unasafiri mpaka Malindi, unazama chini ya bahari, na asilimia 90 ya kaboni yake inafungiwa huko milele. Halafu nikamalizia kwa ile sauti yangu ya kuuza: "Shamba la susu yako linaokoa dunia na hata hajui." Watu 212,000 wakaitazama. Mwalimu mmoja wa shule ya upili akaniita niongee na klabu yao ya mazingira. Nikaenda, nikarudia namba ileile mbele ya watoto walioshika madaftari. Waliandika.

Hiyo 90 niliitoa wapi? Kichwani. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba matope ya bahari huhifadhi kaboni, na hiyo ni kweli. Lakini sentensi yangu ilikuwa inahitaji namba ndiyo isikike kama ya mtu anayejua, nikaipa namba. Kama wewe pia unatengeneza vitu vya mtandaoni unajua hiyo hali. Namba haiulizwi maswali.

Mtu mmoja tu ndiye aliuliza. Ni dem tulikuwa tunakaa naye dawati moja kampasi kabla sijatoka. Aliandika komenti fupi: "90 umetoa wapi? Ulisawazisha?" Nilimjibu na kale ka uso kanakocheka. Ikapita.

Sasa, susu yangu anaishi upande wa Kathiani, shamba la mteremko, lile la kukufanya ushike miti ukishuka. Lina matuta manne ya fanya juu. Kwa wale wa Nairobi: fanya juu ni mtaro unaochimbwa kufuata mlima, udongo ukirushwa upande wa juu ili uwe ukingo wa kushika maji na udongo mwingine. Tuta la tatu lilikuwa limeanza kubomoka. Anko alikuwa ameahidi kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba mwezi wa tisa angelipa vijana wawili walirekebishe. Mwezi wa tisa ukafika. Badala ya pesa akatuma video yangu, na chini yake: "Professa wetu anasema udongo ukienda baharini unaokoa dunia. Sasa tuuzuie kwa nini?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka. Nikaweka hata kidole gumba.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja haikucheka. Ilikuwa usiku mmoja tu. Asubuhi Susu alinipigia simu, hakuniambia chochote ila "kuja uone." Tuta la tatu lilikuwa limekatika katikati, maji yakapitia hapo kama mlangoni, la nne likafuata. Ndengu zilizokuwa zimeota vizuri zilikuwa zimefunikwa au zimeenda. Korongo jipya lilinifika magotini, mahali pengine kiunoni. Anko aliomba msamaha, akasema ilikuwa utani tu, na mimi namwamini. Lakini huo utani alikuwa amepewa na mimi.

Susu hakunilaumu. Aliuliza tu, kwa Kikamba, nami nikose jibu: huu udongo ulipokuwa hapa shambani, hiyo kaboni ilikuwa haijahifadhiwa?

Manze. Hebu lisome tena hilo swali. Nitalirudia baadaye.

Niliamua kwamba kabla sijafuta ile video lazima nijue ukweli ni upi. Ndiyo nikaingia kwenye kitu kinachoitwa kutengeneza modeli ya mtiririko wa kaboni kwenye utando wa chakula wa sakafu ya bahari. Usikimbie. Ni hesabu ya kibanda.

Kwanza jua njia. Maji ya kwetu huishia Mto Athi. Athi unazunguka Nairobi, unapita Fourteen Falls, unateremka Ukambani kando ya nyanda za Yatta, unakutana na Mto Tsavo na hapo unabadilisha jina kuwa Galana, kisha unafika baharini kaskazini ya Malindi ukiitwa Sabaki. Mto mmoja, majina matatu, kama mtu anayekwepa deni. Wakati wa kaskazi, upepo unasukuma maji yake yenye tope kuelekea kusini, upande wa Malindi na hifadhi yake ya matumbawe. Wakati wa kusi yanaelekea kaskazini, upande wa Ghuba ya Ungwana.

Na bahari imeweka rekodi. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha utafiti uliotoka kwa tumbawe moja kubwa la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, kama mti. Udongo ukifika baharini huachilia bariamu, na tumbawe likaiweka mwilini. Kwa miaka 200 hivi, kuanzia karibu 1700, mstari wa bariamu uko tu chini, umetulia. Mapema miaka ya 1900 unaanza kupanda. Ndipo wazungu walipochukua ardhi, watu wakasukumwa kwenye maeneo finyu, miteremko ikaanza kulimwa. Mto huo unapitia kaunti nyingi, siwezi kusema ni udongo wetu peke yetu, lakini sisi tumo. Kuna tumbawe Malindi lililokuwa linaandika habari za Ukambani kabla babu yangu hajazaliwa.

Miaka ya 1930 Machakos ilikuwa mfano wa ardhi iliyokufa. Mwaka 1937 afisa mmoja wa kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko Ukambani. Dawa ya serikali ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza Wakamba mpaka Nairobi kupinga. Baadaye watu wenyewe, na hasa akina mama wa vikundi vya mwethya, ndio waliochimba matuta mlima kwa mlima. Kuna kitabu cha 1994 cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano na bado mmomonyoko ukapungua. Susu alichimba kwa mwethya akiwa na mathe mgongoni. Halafu mjukuu akaja na simu.

Sawa. Udongo umefika Sabaki, umezama. Chini kuna nini?

Mimi nilidhani chini ni kama stoo. Unaweka kitu, unafunga, unaenda. Kumbe ni jikoni ya hoteli ya stendi saa saba mchana. Kwenye tope kuna bakteria wengi ajabu. Kuna nematoda, minyoo midogo sana kama nyuzi, ambayo hata ukishika tope mkononi huioni. Kuna minyoo mikubwa zaidi inayomeza tope lenyewe na kulitoa upande wa pili. Kuna kaa, chaza, na kamba (wale wa baharini, si sisi). Wote wanakula kinachoanguka kutoka juu: mabaki ya planktoni, kinyesi cha wanyama wadogo wa majini, majani, na chembe za udongo zilizobeba kaboni ya shambani. Halafu wanakulana.

Na kila anayekula anapumua. Hapa ndipo video yangu ilipokufia. Kaboni ikiliwa, sehemu inakuwa mwili, sehemu inakuwa kinyesi, na sehemu inarudi majini kama hewa ya ukaa. Kinyesi kinaliwa tena. Mwili unaliwa tena. Kila mzunguko kuna sehemu inayopumuliwa. Oksijeni kwenye tope la pwani hupenya milimita chache tu, na nilidhani chini ya hapo kazi inasimama. Haisimami. Kuna bakteria wanaotumia nitrati, wengine chuma, wengine salfeti ya maji ya chumvi. Hao wa salfeti ndio wanaotoa ile harufu ya yai bovu ukikanyaga tope la mikoko. Ukisikia hiyo harufu jua kuna mtu anakula kaboni bila oksijeni.

Kinachobaki baada ya wote kushiba ndicho kinachozikwa. Ni makombo.

Sasa utapimaje nani amekula kiasi gani, chini ya maji, gizani, na walaji wenyewe hawaonekani? Huwezi kumweka nematoda kwenye meza na kumhesabia vijiko. Hapo ndipo nikakumbuka kibanda cha mathe.

Mathe anauza chakula: muthokoi, chapati, maharagwe. Jioni anajua vitu vichache kwa uhakika. Anajua unga ulioingia asubuhi. Anajua uliobaki. Anajua pesa iliyo kwa M-Pesa. Hajui ni chapati ngapi zilienda kwa deni, ngapi nilikula mimi, ngapi ziliungua, ngapi aliongeza mteja bure. Lakini si kwamba hajui kabisa. Anajua jumla lazima ilingane: kilichoingia ni sawa na kilichotoka na kilichobaki. Anajua deni haliwezi kuwa chini ya sifuri. Anajua siwezi kula chapati 20, hata nikijaribu. Kwa hayo tu anaweza kukufungia kati ya namba mbili: "umekula kati ya tatu na sita." Na huwa hakosei.

Modeli ya tope ni hiyo. Unachora masanduku: mabaki laini, mabaki magumu, bakteria, nematoda, minyoo mikubwa, wawindaji. Kati ya masanduku unachora mishale, kila mshale ni kaboni inayotoka hapa kwenda pale. Kwa kila sanduku unaandika sheria moja: kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka. Tatizo ni kwamba mishale ni mingi kuliko sheria. Mimi nilikuwa na masanduku 6 na mishale 27. Ile hesabu ya shuleni ya kutafuta x na y inakataa hapo, majibu ni mengi yasiyo na mwisho. Kwa hivyo unaongeza mipaka kama ya mathe. Mdudu wa aina hii hawezi kutumia mwilini zaidi ya sehemu fulani ya anachokula. Bakteria lazima wapumue angalau kiasi hiki. Oksijeni iliyopimwa ikiingia kwenye tope haiwezi kuzidiwa. Kila kipimo kinapunguza majibu yanayowezekana.

Njia hii ililetwa kwenye utando wa chakula wa bahari na Alain Vézina na Trevor Platt mwaka 1988. Mwanzoni watu walichagua jibu moja kati ya yale mengi, lile lenye mishale midogo zaidi, kana kwamba viumbe hupenda kufanya kazi kidogo. Baadaye wakaja na njia bora zaidi: usichague. Acha kompyuta itembee ndani ya majibu yote yanayokubalika, iokote elfu kadhaa, kisha uangalie yameenea vipi.

Programu za kufanya hivyo ziko bure ndani ya R. Zilitengenezwa na kina Karline Soetaert na Dick van Oevelen, watu wa utafiti wa bahari kule Uholanzi. Na hapa ndipo nilipata kitu kilichonifanya niamke kitandani saa nane usiku. Mwaka 1992 meli ya utafiti ya Kiholanzi, Tyro, ilikuja pwani ya Kenya kuchota tope, kutoka maji ya kina kifupi mpaka kina cha kama mita 2,000. Mkenya mmoja, Agnes Muthumbi, akafanya kazi na nematoda wa tope hilo, akaeleza hata spishi mpya. Mmoja wa waliochapisha naye ni huyo huyo Karline Soetaert. Kwa hivyo mtu aliyetengeneza programu niliyokuwa nimeipakua kwa bando la shilingi 50 alikuwa ameshughulika na minyoo ya tope letu kabla mimi sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo darasani. Labda ningekaa.

(Nimesema labda. Nilitoka mwaka wa pili kwa sababu ya karo, si kwa sababu ya kuchoka na hesabu. Wale mnaoandika kwa komenti "masomo ni utapeli, angalia huyu alitoka na anafanikiwa", tafadhali. Sijafanikiwa. Nina kompyuta ya mtumba ambayo kibodi yake haina herufi ya "b". Na somo la R lilikuwa limefika nusu ya muhula nilipoacha kuingia, kwa hivyo nusu ya hii kazi nimejifunza kwa kugonga ukuta.)

Ilinichukua wiki saba. Wiki ya kwanza yote programu ilikataa kwa sababu ya alama moja ya mkato. Wiki ya tatu nilikuwa nimechora mshale wa nematoda kuelekea kwa nematoda mwenyewe, yaani wanajila, na kila kitu kikawa kizuri kupita kiasi. Ukiona modeli inakupendeza sana shuku mishale yako.

Niweke wazi. Sikuwa na vipimo vya tope la Sabaki mkononi. Niliingiza kaboni 100, bila kusema ni gramu au tani, nusu nikadhani ni mabaki laini ya baharini na nusu udongo mgumu, nikaacha huo mgawanyo ucheze. Mipaka ya upumuaji na ulaji nilitumia ile mipana ambayo watu wa bahari hutumia. Kwa hivyo hii ni modeli ya kuchezea, si bahari. Usiibebe kwenda kwa mtu ukisema "Malindi ni hivi." Ninajua inavyotokea.

Majibu elfu kumi yaliyokubalika yalisema: kati ya hiyo 100, kinachozikwa ni kuanzia 8 mpaka 45.

Nilikasirika, kusema kweli. Wiki saba nipate "8 mpaka 45"? Hiyo si namba, hiyo ni umri wa watu kwenye matatu. Nikapigia yule dem wa komenti. Alicheka sana, halafu akaniuliza swali la pili la maana: ni mshale gani ukiubana, huo upana unapungua? Nikarudi nikajaribu mmoja mmoja. Nematoda hawakubadilisha kitu. Kaa hawakubadilisha kitu. Kilichobadilisha kila kitu ni ule mgawanyo wa mwanzo: ngapi ni planktoni laini, ngapi ni udongo wa mlimani. Kaboni ya udongo nyingi ni ngumu, imeshikamana na mfinyanzi, imeshaozeshwa shambani na mtoni, bakteria wa baharini wanaiacha pembeni kama mifupa. Ukiongeza hiyo, kinachozikwa kinapanda. Ukiongeza planktoni, karibu yote inapumuliwa.

Halafu nikafanya nilichokuwa naogopa. Nilimwambia kompyuta: lazimisha 90. Nitafutie jibu lolote, hata moja, la ajabu kiasi gani, ambalo kaboni 90 inazikwa na bakteria wanaendelea kuishi.

Ilirudisha mstari mmoja. Hakuna jibu. Ndani ya mipaka niliyoweka mimi mwenyewe, mipana kama mlango wa gereji, video yangu haikuwa na mahali pa kukaa.

Nisikuche ukidhani tope ni bure. Duniani kote, sehemu kubwa ya kaboni inayozikwa baharini huzikwa kwenye delta na karibu na pwani, mahali mito inamwaga udongo haraka na kufunika makombo kabla hayajaliwa. Midomo ya mito kama Sabaki ni ya maana. Watu wa Gazi, Kwale, wameanzisha Mikoko Pamoja tangu 2013 kwa sababu tope la mikoko linashika kaboni vizuri sana, na mapato yanaenda kwa jamii. Hiyo ni kazi halisi. Lakini pale mti unaokua ndio unaovuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuipeleka topeni.

Na hapo ndipo narudi kwa swali la Susu.

Modeli yoyote ina ukuta wa nje. Kilicho ndani unakihesabu, kilicho nje unakiita "kinachoingia" na huulizi kilitoka wapi. Ukuta wangu ulikuwa Malindi. Kwa wiki saba nilikuwa nabishana na minyoo kuhusu 8 au 45, na 100 yenyewe nilikuwa nimeichukua kama zawadi. Haikuwa zawadi. Ilikuwa imetulia Kathiani, ndani ya udongo mweusi wa juu, ikishika maji na kulisha ndengu. Njiani nyingine inapotea hewani kabla hata ya kuona chumvi. Hata bahari ingezika yote mia, huo ungekuwa uhamisho kutoka stoo moja kwenda nyingine, na stoo ya kwanza imebaki na korongo. Hakuna hata chembe moja mpya iliyotolewa angani. Kilichoweza kutoa ni majani na mizizi ya juu ya lile shamba, kama yangepata udongo wa kusimamia.

Nilisogeza ukuta. Nikaongeza sanduku la saba, "shamba", na mishale mitatu: kaboni inayoingia kwa mimea, inayopumuliwa na udongo, inayobebwa na maji. Modeli ikawa mbaya zaidi, upana ukaongezeka, kompyuta ikapiga kelele kama posho mill. Lakini sasa tuta la tatu lilikuwa ndani ya hesabu. Awali halikuwepo, na kitu kisichokuwepo kwenye hesabu ni rahisi kukifanyia utani kwenye kundi la familia.

Kitu kingine nilichoona: kwenye michoro mingi ya hii kazi kuna mshale unaoitwa "hasara". Unaondoka kwenye sanduku na kuishia pembezoni mwa karatasi. Nimekuwa huo mshale. Kampasi mahali fulani kuna jedwali la walioacha, mimi ni moja humo, na mchoro wao unaishia hapo. Siwalaumu, karatasi lazima iishe mahali. Ila sasa nikiona mshale umeishia pembezoni nauliza ulienda wapi, na mara nyingi umeenda kwa jirani.

Wikendi iliyopita tulikuwa Kathiani, mimi, Anko, vijana wawili na majembe matano. Anko amelipa, na amechimba mwenyewe mpaka mkono ukatoka malengelenge, ambayo amepiga picha na kutuma kwa kundi. Susu alikaa juu ya mteremko akitusahihisha. Kamba yetu ya kupimia usawa ilikuwa na chupa ya maji katikati. Alituambia tumepotoka kwa upana wa kiganja, tukabisha, tukapima upya, tumepotoka kwa upana wa kiganja. Tuta la tatu limesimama. La nne bado.

Kwa yule mwalimu nimempigia simu na kumwomba nirudi kwa wale watoto. Amesema muhula ujao, siku ya Alhamisi, niende na hiyo modeli. Ameuliza kama inaweza kueleweka na kidato cha pili. Nitaenda na unga na chapati.

Ile video ya kwanza sijaifuta. Nimebandika maandishi juu yake yanayosema namba ni ya uongo na mtu asome hapa. Jana usiku ilikuwa imefika watazamaji 214,600. Ya marekebisho, niliyoweka Jumatatu, ina 1,932, na komenti ya juu kabisa inasema: "Bro fupisha, tuambie tu ni asilimia ngapi."